Chaja Inayoibana Kompyuta

Kuna ugonjwa wa kompyuta mpakato unaowachanganya hata mafundi wazoefu. Ukiitumia kwa betri peke yake, mashine iko vizuri: mafaili yanafunguka, video haikwami, kishale kinafuata mkono. Chomeka chaja, na ndani ya sekunde chache kila kitu kinakuwa kizito. Herufi zinachelewa kutokea kwenye skrini, ukurasa wa intaneti unajichora nusu nusu, na ukifungua Excel unapata muda wa kwenda kuinjika chai. Chomoa chaja, mbio zinarudi.

Mwenye laptopu humwendea fundi, na fundi husema yale yanayosemwa siku zote: hivi ni virusi, tupige Windows upya. Windows inapigwa, hela inalipwa, jioni mashine inachomekwa nyumbani na uzito uko pale pale. Safari ya pili inaongezwa RAM. Ya tatu inabadilishwa diski. Wakati wote huo mkosaji amelala sakafuni karibu na soketi, na hakuna aliyemtazama, kwa sababu taa yake inawaka na mashine inapata umeme.

Soma maandishi yaliyo mgongoni mwa chaja. Yamechapwa kwa herufi ndogo mno, kana kwamba hayakukusudiwa kusomwa, lakini mistari miwili inatosha. Wa kwanza ni wa umeme unaoingia, na karibu kila chaja ya kompyuta huandikwa 100-240V. Maana yake umeme wa volti 230 wa Tanzania au 240 wa Kenya uko ndani ya mipaka hiyo, na hata ukishuka jioni hadi taa zikafifia, chaja nzima itaendelea kutoa kile kile inachopaswa kutoa. Wengi husingizia umeme mdogo wa mtaani. Shirika la umeme, lenye kesi zake nyingine, hapa halina hatia.

Mstari wa pili ndio wenye habari: umeme unaotoka. Tuseme umeandikwa 19.5V na 3.34A. Zidisha namba hizo, utapata wati 65. Chaja nyingine ya kampuni ile ile, yenye plagi inayoingia tundu lile lile bila kulazimishwa, itasomeka 19.5V na 4.62A, ambazo ni wati 90. Nyingine itakuwa na ampea 6.7, wati 130. Volti ni sawa, kinachotofautiana ni kiasi cha mkondo ambao kila moja inaweza kuutoa bila kuzidiwa. Hapa kuna imani moja ya madukani ya kuondoa: kwamba chaja kubwa itaunguza laptopu ndogo. Haiunguzi. Volti zikilingana, kompyuta huvuta kiasi inachokihitaji na kukiacha kilichobaki. Balaa iko upande wa pili, chaja ndogo kwenye mashine kubwa.

Mtu anayeandika barua kwenye laptopu ya ofisini hatumii zaidi ya wati 10 hadi 15 hivi. Hapo hata chaja ya wati 45 inatosha na chenji inabaki. Lakini matumizi ya kompyuta hayatulii. Prosesa nyingi za Intel za laptopu nyembamba, zinazotajwa kuwa za wati 15, katika matoleo ya miaka ya karibuni huruhusiwa kuruka zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho kwa sekunde kadhaa, pale unapofungua programu nzito au kusukuma video. Skrini nayo ina fungu lake. Betri ikiwa tupu inaweza kudai wati 30 au 40 peke yake. Jumlisha mahitaji hayo, na chaja ya wati 45 ni sawa na mpishi wa shughuli aliyeletewa kuni za kuchemshia chai. Kwa laptopu za michezo na za wahandisi hesabu ni kubwa zaidi: chaja zake huandikwa wati 180, 230, hata 330.

Kompyuta ikivuta kupita uwezo wa chaja, moja kati ya mambo mawili hutokea. Chaja yenye ulinzi hujizima. Isiyo na ulinzi huendelea kujikaza, huchemka, volti yake huanza kuyumba, na plastiki yake huanza kunuka. Laptopu yenye betri nzima inaweza kuvumilia, kwa sababu betri hujazia pengo. Ndiyo maana watu wa michezo ya kompyuta huona asilimia za betri zikishuka huku chaja imechomekwa. Ila laptopu nyingi za mitumba betri zake zimekufa. Kwa hizo, chaja ikijizima na kompyuta imezimika, na kazi ambayo hujaihifadhi imekwenda na maji.

Wahandisi waliamua kuwa heri kompyuta ya polepole kuliko iliyozimika, na fizikia ikawasaidia. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda kwa kufuata mwendo wake, na hupanda pia kwa kufuata volti yake ikizidishwa kwa yenyewe. Prosesa inayokwenda taratibu huweza kuendeshwa kwa volti ndogo. Kwa hiyo ukipunguza mwendo na volti vyote kwa nusu, matumizi hayashuki hadi nusu tu, yanashuka hadi sehemu moja ya nane. Kumshusha mkimbiaji wa megahezi 3,000 hadi 800 ni kuokoa umeme mwingi sana kwa mpigo. Mashine inabaki hai, skrini inawaka, na wewe unalaani.

Breki yenyewe ni pini moja ya prosesa za Intel iitwayo PROCHOT. Asili yake ni joto: prosesa ikichemka kupita kiasi, hutoa ishara kwenye pini hiyo na kujipunguzia mwendo. Lakini ishara hiyo inaweza kupita pande zote mbili. Kwenye bodi kuna chipu nyingine ndogo, ile inayosimamia kibodi, feni, betri na tundu la chaja, nayo pia ina ruhusa ya kuivuta pini hiyo. Ikiivuta, prosesa inatii bila kuuliza kama kweli kuna joto. Matokeo yake ni mashine iliyopoa kabisa, feni kimya, huku prosesa imeshikilia megahezi 800 kana kwamba inaungua.

Tofauti hiyo ya joto ni dalili nzuri kwa fundi. Kompyuta iliyojaa vumbi huanza vizuri, ikapata moto baada ya dakika kadhaa, feni ikavuma, ndipo mwendo ukapungua. Iliyobanwa na chaja hulegea mara tu waya unapoingia, ikiwa baridi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye Performance, utazame kasi ya prosesa. Ukiona gigahezi 0.79 au 0.80, yaani karibu megahezi 800, na haipandi hata ukifungua programu kumi, halafu ukachomoa chaja ikaruka hadi 2 au 3, kesi imekwisha. Usipige Windows.

Inakuwaje kompyuta ijue ukubwa wa chaja? Volti haziwezi kuiambia, kwa kuwa ni zile zile. Lazima iulize. Dell wanastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu laptopu zao za Latitude zimejaa maofisini na kwenye maduka ya laptopu zilizotumika, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue. Chukua plagi ya duara ya chaja yao na uitazame kwa mbele. Ukingo wa nje wa bomba ni upande hasi. Ukingo wa ndani ndio wenye volti 19.5. Katikati kabisa kumesimama kipini chembamba, na kazi yake ni mazungumzo tu.

Kipini hicho kinaelekea kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu ndani ya chaja, inayofuata mfumo uliobuniwa na kampuni ya Dallas Semiconductor wa kupitisha habari kwa waya mmoja. Kompyuta inauliza, chipu inajibu kwa mfululizo wa herufi na namba. Waliofungua chaja ya wati 45 na kuisoma chipu yake walikuta maandishi yanayoanza na DELL00AC045195023. Ukishajua mpangilio, ni rahisi kuyasoma: 045 ni wati, 195 ni volti 19.5, 023 ni ampea 2.3. Baada ya hapo zinafuata namba za kiwandani.

Jibu lisipofika, kompyuta huonyesha onyo wakati wa kuwaka. Linasema kwamba aina na nguvu ya chaja hazikutambulika, betri huenda isichaji, na mashine itarekebisha utendaji wake kulingana na umeme uliopo. Limeandikwa kwa Kiingereza, na linatokea wakati mtu hajakaa vizuri kitini. Wengi hubonyeza kitufe chochote ili lipite. Hapo wameshapita juu ya maelezo yote ya tatizo lao.

Na jibu hilo hukosekana kirahisi mno. Waya wa mazungumzo ni mwembamba kuliko wenzake, na hukatika pale panapopindwa kila siku, shingoni, waya unapoingia kwenye plagi. Kipini chenyewe hupinda mtu akichomeka gizani kwa pupa. Baadhi ya chaja za bei rahisi, na zile za vichwa vingi vya kubadilisha, hazina chipu kabisa. Katika hali zote hizo volti 19.5 zinaendelea kumiminika, taa ya chaja inawaka, laptopu inawaka, ila betri haipandi hata asilimia moja na prosesa imefungwa breki. Unaweza kuwa na chaja halisi ya wati 90, nzima kila mahali isipokuwa waya huo mmoja, ukahesabiwa kama huna kitu.

Hapo mimi sikubaliani na Dell. Tahadhari naielewa, mashine isiyomjua mlishaji wake ina haki ya kuhofu. Lakini mashine hiyo hiyo inaweza kupima kama volti zinayumba, ikapunguza mwendo pale tu zinapoyumba. Kuikandamiza hadi megahezi 800 tangu mwanzo, mtu akiwa anaandika barua tu, ni adhabu kabla ya kosa, na adhabu hiyo humsukuma mteja kununua chaja ya kampuni. Lenovo, kwenye plagi zao bapa za mstatili, waliweka kizuizi cha umeme chenye thamani tofauti kwa kila ukubwa wa chaja; ni kifaa cha senti chache, na fundi anaweza kukipima kwa mita ya kawaida.

Apple nao wana hadithi yao. Enzi ambazo betri za MacBook zilikuwa zinatoka, walieleza wazi kwamba ukiitoa betri, kompyuta itashusha kasi ya prosesa hata ikiwa na chaja yake halali, kwa kuwa chaja peke yake haikutosha kubeba kilele cha mahitaji. Mwaka 2017 kanuni hiyo hiyo iligeuka kashfa: ilibainika kuwa iPhone zenye betri zilizochoka zilikuwa zinapunguzwa mwendo ili zisizimike ghafla, na wenye simu hawakuambiwa. Mwaka 2020 mamlaka za Ufaransa ziliitoza kampuni faini ya yuro milioni 25. Kosa lililoadhibiwa lilikuwa ukimya.

Plagi za USB-C zimeyaweka mazungumzo haya hadharani. Chaja huanza kwa kutoa volti 5 tu, kisha hutangaza orodha ya volti na ampea inazoziweza, kompyuta ikachagua. Lugha yao ni moja kwa kampuni zote. Kuna mtego mmoja tu, nao ni waya. Waya wa kawaida huruhusiwa kupitisha ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kupata wati 100 unahitaji waya wa ampea 5 wenye chipu yake ndani ya plagi. Mtu ananunua chaja ya wati 100, anaichomeka kwa waya wa simu, anapata 60, na kulaumu chaja. Kiwango cha mwaka 2021 kimepandisha kilele hadi wati 240. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaitaka plagi hiyo kwenye simu mpya tangu tarehe 28 Desemba 2024, na kwenye laptopu mpya tangu tarehe 28 Aprili 2026. Mitumba yetu mingi hutoka huko, kwa hiyo nasi tutaifikia, kwa kuchelewa.

Kwa sasa, mwenye plagi ya duara anaweza kushawishika na ThrottleStop, programu ya bure ya Windows yenye kisanduku kilichoandikwa BD PROCHOT. Ukiondoa alama yake, prosesa haisikilizi tena ishara ya nje, na mbio zinarudi papo hapo, huku kinga yake ya ndani dhidi ya joto ikibaki. Kama chaja yako ni ya wati zinazotakiwa na kilichokatika ni waya wa mazungumzo, hiyo ni nafuu ya kukusogeza hadi upate nyingine. Betri bado haitachaji. Kama chaja ni ndogo kweli, usiiguse programu hiyo. Utakuwa umeondoa breki kwenye kitofali cha chaja kinachochemka juu ya zulia la sebuleni.

Ukienda kununua laptopu iliyotumika, usiridhike na kuona inawaka. Geuza chaja usome wati, ulinganishe na zile zinazotakiwa na modeli hiyo. Kisha, kama ni Dell, mwambie muuzaji aizime, aiwashe tena huku anabonyeza F2, afungue ukurasa wenye taarifa za betri na chaja. Kama mstari wa chaja unataja wati, lipa. Kama chaja haitambuliki, dai nyingine kabla hujatoa hela.