Je, Wajua? Mambo ya Stima Iliyo Juu ya Kichwa Chako Kazini

Je, wajua kwamba ukizima swichi ya taa, huenda waya wa moto bado una stima pale darini? Katika majengo mengi ya zamani, mafundi walipeleka stima kwanza kwenye silingi rozi, yaani kile kikombe cha plastiki kinachoning'iniza balbu, ndipo wakaishusha hadi swichini na kuirudisha juu. Swichi inainyima balbu tu. Waya unaoleta stima hubaki na volti 240 usiku na mchana. Kwa hiyo anayepanda kubadilisha holda azime kwenye bodi kwanza, kisha apime. Testa yenyewe ijaribiwe kwenye soketi yenye stima kabla na baada ya kupima, isije ikawa ndiyo iliyokufa.

Je, wajua kwamba stima kupotea si sawa na stima kuzimwa? Mvua ya Aprili ikichachamaa, giza huingia Nyeri hadi Karatina, na kuna mafundi wanaoona hiyo ndiyo nafasi ya kumalizia kazi ya darini. Stima hairudi kwa hodi. Meni swichi izimwe hata kama mtaa mzima uko gizani.

Je, wajua kwamba waya wa buluu unaweza kukudanganya? Kwa utaratibu wa zamani, nyekundu ilikuwa ya moto, nyeusi nyutro, kijani ya ardhi. Siku hizi kahawia ndiyo ya moto, buluu ni nyutro, na ya ardhi ni kijani chenye njano. Uingereza, ambako Kenya ilirithi kanuni zake za waya, ilibadili rangi hizi mwaka 2004. Hatari iko kwenye stima ya fezi tatu, ile inayoendesha vinu vya unga na mashine za mbao. Zamani fezi hizo zilikuwa nyekundu, njano na buluu, kwa hiyo buluu ya jengo la zamani huenda ni moto mtupu. Nyeusi nayo imegeuka: iliyokuwa nyutro sasa ni mojawapo ya rangi za fezi. Jengo la zamani likiongezewa ghorofa mpya, rangi zote hizo hukutana juu ya dari moja. Hapo rangi haiaminiki, kipimo ndicho kinachoaminika.

Je, wajua kwamba balbu ya LED ya wati 9 hutumia stima ya kutosha kumuua mtu? Gawanya 9 kwa 240: unapata kama miliampea 37, na kiasi hicho kikipita kifuani kinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Breka ya taa ya ampea 6 haitasikia lolote, kwa sababu inalinda waya usiungue, hailindi mtu. Kinacholinda mtu ni RCD ya miliampea 30, inayokata stima ikiona sehemu yake imetorokea ardhini. Hata hiyo haiwezi kumsaidia aliyeshika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kwani kwa RCD huyo ni kama balbu nyingine tu.

Je, wajua kwamba projekta ya ofisini Nyeri hupata taabu ambayo ile ya Mombasa haiijui? Miji ya Nyeri na Karatina iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Nanyuki inakaribia 1,950. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo haiondoi joto vizuri. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa projekta huweka kwenye menyu mpangilio wa maeneo ya mwinuko, unaofanya feni yake izunguke kwa kasi zaidi, na wengi wanashauri uwashwe kuanzia mita 1,500. Wenye ofisi wachache hufungua hiyo menyu. Ukiongeza kwamba hewa ya moto hupanda na kujikusanya darini, unaelewa kwa nini mashine hujizima katikati ya mkutano. Embu, kwenye mita 1,350 hivi, imesalimika. Wenye hoteli za karibu na lango la Naro Moru la Mlima Kenya, takriban mita 2,400, wana jambo la ziada: breka na swichi nyingi hutengenezwa kwa matumizi ya hadi mita 2,000 tu. Zaidi ya hapo muuzaji aulizwe.

Je, wajua kwamba waya wa stima si kamba? Kwa kanuni za Uingereza, waya laini wa milimita mraba 0.75 haupaswi kubeba zaidi ya kilo 3, na feni nyingi za dari huzidi hapo. Feni, televisheni na projekta zishikwe na zege au boriti, kamwe si jipsamu. Mfugaji wa vifaranga naye, ambaye Julai hulala akiwaza baridi, aning'inize taa ya joto ya wati 250 kwa mnyororo. Waya ukiachwa uibebe na ukalegea, taa huangukia maranda na kuyawasha moto.

Je, wajua kwamba shawa ya umeme, kipenzi cha kila gesti ya mlimani, hula wati 5,500 hivi? Hizo ni kama ampea 23. Waya wa taa wa milimita mraba 1.5 hauziwezi, lakini kuna fundi atakayekuambia atachukua stima kutoka taa ya bafu kwa sababu iko karibu. Mkatalie. Shawa inataka waya wake mnene kutoka kwenye bodi, breka yake, waya wa ardhi na RCD.

Je, wajua kwamba panya hutafuna plastiki ya waya na kuuacha uchi? Ndiyo maana hata ngazi unayopandia darini ni jambo la kuangaliwa. Ngazi ya alumini hupitisha stima, ya mbao kavu haipitishi.

Je, wajua kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama? Ajali ikiua, mwajiri ana saa 24 kumwarifu afisa wa eneo. Fundi wa stima naye lazima awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati nchini. Madaraja yake huanzia C2 hadi A1, na C2 ni ya stima ya fezi moja, kwa hiyo mwenye nayo hafai kugusa kinu chako. Mwombe akuonyeshe leseni kabla hujamshikia ngazi.