Jina Lako Halikuandikwa kwa Makosa

Usoke ni mji mdogo wa stesheni kwenye reli ya Tabora kwenda Kigoma, katika wilaya ya Urambo inayolima tumbaku. Msichana anayeongoza darasa la saba huko, mambo yakimwendea vizuri, huchaguliwa kwenda Tabora Wasichana, shule ya vipaji maalumu. Akifika anakuta bweni zima ni la watoto waliokuwa wa kwanza kwao. Darasani anakuta Kiingereza. Mwalimu anauliza mmea unajitengenezeaje chakula. Jibu analijua barabara, ila kwa Kiswahili. Anainamia daftari. Jirani yake, aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza, ananyoosha mkono na kupigiwa makofi. Usiku binti wa Usoke anaanza kuamini kwamba jina lake liliingia kwenye orodha kwa makosa, na kwamba ipo siku ataumbuka.

Hali hii ilielezwa mwaka 1978 na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliokuwa wamefanya kazi na wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa sana katika masomo na kazi. Vyeti havikuwatuliza. Walipofaulu walisema ni bahati, au msahihishaji alipitiwa, na mtihani uliofuata waliuendea na hofu ileile.

Kwetu bahati ina jina la heshima zaidi. Tukipongezwa tunasema ni Mungu tu, na huo ni utu mwema. Ubaya unaingia pale binti anapoishukuru neema huku akizifuta zile saa alizosoma kwa koroboi baada ya kuosha vyombo vya nyumba nzima. Saa hizo nazo zilikuwa za kweli.

Mtazame mama yake akichambua tumbaku. Analishika jani, analikagua rangi na unene, analiweka kwenye fungu lake, mkono umeshafika kwenye jingine. Mteuzi wa tumbaku akishusha daraja siku ya soko, mama atagomba, atalalamikia bei, lakini hatarudi nyumbani akijiuliza kama kweli yeye ni mkulima. Kazi yake inaonekana, na lugha ya kuitetea anayo. Binti amepoteza vyote viwili kwa wiki moja: kipimo anachokiona mwenyewe, na lugha.

Ndiyo maana siridhiki na ushauri wa kumwambia ajiamini tu. Mwaka 2021 Ruchika Tulshyan na Jodi-Ann Burey waliandika katika Harvard Business Review kwamba tunakimbilia kuwatibu wanawake huku mahali panapowatia shaka pakiachwa palivyo. Wako sahihi. Mwalimu wa kidato cha kwanza anaweza kulipokea jibu kwa Kiswahili kwanza, akalisifu kama jibu sahihi, kisha darasa zima likalitafutia Kiingereza chake.

Na Clance na Imes waliona jambo jingine linalowezekana hata bwenini: mwanamke alipomsikia mwenzake anayemheshimu akikiri hofu hiyohiyo, aliuona uongo wa hofu hiyo kwa mwenzake kabla ya kuuona kwake mwenyewe. Kwa hiyo dada wa kidato cha tatu, anayeongoza darasa lake sasa, aje aketi kitandani kwa wageni wa kidato cha kwanza na kuwaeleza alivyolia muhula wake wa kwanza. Aje na daftari lake la wakati huo, lenye alama zake zote.