Ndoa ya Mwenyeji na Mgeni: Haki Zake na Mitego Yake

Somo la redio kwa watu wazima, kama lilivyosomwa hewani

Kama jirani yako hajui kusoma, keti naye umsomee polepole, kisha mjibizane maswali yaliyo mwishoni.

Somo la leo lahusu mume au mke aliyetoka nchi nyingine. Wengine watasema, hayo ni mambo ya watu wa Ulaya. Sivyo. Sisi wa Kisesa tumekaa juu ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hata Sirari, mpakani mwa Kenya. Upande wa pili, tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, safari ya Geita na Kagera imekuwa fupi, na nyuma ya Kagera ziko Uganda, Rwanda na Burundi. Watu huja kuuza dagaa, kununua mpunga na kuchunga ng'ombe. Wakija hukutana, na wakikutana huoana. Hilo si kosa hata kidogo. Kosa ni kuoana na kukaa miaka ishirini bila karatasi hata moja, mkidhani kwamba mapenzi na watoto yatosha.

Ndoa si kibali cha kukaa

Neno la kwanza la kushika ni hili: ndoa ni jambo moja, ruhusa ya kukaa nchini ni jambo la pili, na uraia ni jambo la tatu. Ukipata la kwanza hujapata la pili, na ukipata la pili hujapata la tatu. Kila moja lina sheria yake na ofisi yake.

Tuliona matokeo ya kutojua hayo mwaka 2013. Septemba mwaka huo Serikali ilianza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, ili kuwaondoa watu waliokaa nchini bila idhini. Maelfu ya watu waliondoka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda. Miongoni mwao walikuwamo wanawake walioolewa na Watanzania, wenye mashamba na watoto. Habari za nyumba zilizogawanyika, mama upande huu wa mpaka na watoto upande ule, zilienea siku zile. Wengi wao walikuwa wameoana kweli mbele ya wazee. Lakini askari haulizi kama ng'ombe wa mahari walifika. Yeye huuliza kibali.

Kwanza, ndoa yenyewe

Kwa Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo yakubali ndoa ya bomani, ndoa ya dini na ndoa ya mila. Zote ni ndoa. Wenye kutaka kuoana hutoa taarifa si chini ya siku 21 kabla ya siku ya ndoa, nayo taarifa hutangazwa ili mwenye pingamizi aseme. Kama mmoja ni mgeni, ni vizuri alete hati kutoka nchi yake kuonyesha kwamba hana kizuizi cha kuoa au kuolewa. Mtu aweza kuwa na mke wa ndoa ya mke mmoja huko Kisumu au Bujumbura, nawe hujui. Ndoa ya pili juu ya ile ni batili tangu mwanzo, na karatasi zote zitakazojengwa juu yake zitaanguka pamoja nayo.

Ndoa ya mila yapasa kuandikishwa katika muda wa siku 30. Hapa ndipo wengi wetu huteleza. Tumezoea kwamba ng'ombe wakishahesabiwa na wazee wakishakubaliana, mambo yamekwisha. Ni kweli kwamba ndoa haifi kwa sababu haikuandikishwa, wala haivunjiki kwa sababu mahari haikumalizika. Lakini ofisini utaulizwa cheti. Usipokuwa nacho, utaanza kutafuta wazee walioshuhudia, na pengine wawili wamekufa na wa tatu amehamia Shinyanga. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na ndoa ni vivyo hivyo.

Wako pia wanaosema, "Tumekaa pamoja miaka miwili, basi sheria yatuhesabu mume na mke." Sheria yasema kwamba watu waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana hivyo hudhaniwa kuwa wameoana. Angalia neno hilo, hudhaniwa. Dhana hiyo mtu aweza kuipinga mahakamani. Usiitegemee mbele ya afisa wa Uhamiaji.

Pili, ruhusa ya kukaa

Mgeni akishaoa au kuolewa, aende ofisi ya Uhamiaji ya wilaya au ya mkoa pamoja na mwenzake, wachukue cheti cha ndoa, pasipoti ya mgeni na kitambulisho cha mwenyeji. Mke wa Mtanzania aweza kuomba pasi ya utegemezi. Pasi hiyo ni ya kukaa, si ya kufanya kazi. Akitaka kuajiriwa yampasa kuwa na kibali cha kazi, kwa sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni, pamoja na kibali cha ukaazi. Mke aliyeolewa hapa akaajiriwa katika duka la dawa kwa pasi ya utegemezi peke yake anavunja sheria, ijapokuwa ndoa yake ni halali kabisa.

Tena pasi hiyo imeegemea juu ya mwenyeji kama kibanda juu ya nguzo. Mume akifa, au ndoa ikivunjika, nguzo imeondoka. Hapo mgeni asijifiche ndani. Aende mwenyewe upesi aeleze hali yake, atafutiwe kibali kingine kimfaacho.

Majirani wa Afrika Mashariki hudhani kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliondoa mipaka. Haikuiondoa. Ilifanya kuingia na kutafuta kazi kuwe rahisi zaidi, lakini kila nchi bado ina vibali vyake, na siku zilizogongwa muhuri katika pasipoti zina mwisho wake.

Tatu, uraia

Sheria yetu ya Uraia ni ya mwaka 1995. Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote.

Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania aweza kuomba uraia wakati wowote mume wake akiwa hai. Akiwa hai, nasema. Wako wanawake waliokaa hapa miaka thelathini, wakalima, wakazaa, wakazika wakwe zao, nao hawakuomba kwa sababu kila mwaka walisema mwaka ujao. Siku mume akifa, mlango ule hufungwa. Hapo mjane hubaki na njia ndefu ya wageni wote.

Na mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania? Yeye sheria haikumpa mlango ule. Hupita njia ndefu: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Tena awe na tabia njema na ajue Kiswahili au Kiingereza. Wanasheria wengi na watetezi wa haki za wanawake wameilaumu tofauti hii, wakisema kwamba binti wa Kitanzania amepewa haki pungufu kuliko kaka yake. Kenya iliondoa tofauti kama hiyo kwa Katiba ya mwaka 2010: huko mume au mke wa raia, baada ya miaka 7 ya ndoa, ana haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia. Kwetu, mpaka sheria itakapobadilishwa, ndivyo ilivyo, na yatupasa kuijua kama ilivyo.

Jambo jingine: uraia wa kuomba hutolewa na Waziri, naye halazimiki kutaja sababu akikataa. Na uraia uliopatikana kwa udanganyifu waweza kunyang'anywa hata baada ya miaka mingi. Tena Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo mwombaji hana budi kuuacha ule wa kwanza. Asiuache kabla hajaambiwa kwa maandishi kwamba wakati umefika, asije akabaki bila nchi yo yote.

Watoto na ardhi

Mtoto aliyezaliwa na baba au mama Mtanzania ana haki ya uraia wa Tanzania, hata akizaliwa nje, isipokuwa kama mzazi huyo naye ni raia kwa kurithi tu, yaani mwenyewe alizaliwa nje. Kama mtoto ana uraia wa nchi mbili, akifika miaka 18 yampasa kuchagua mmoja. Ninyi wazazi, kazi yenu ni moja: mwandikisheni mtoto mapema, na majina ya baba na mama katika cheti cha kuzaliwa yaandikwe sawasawa na yalivyo katika vitambulisho. Herufi moja iliyokosewa leo itamsumbua mtoto siku ya kuomba pasipoti.

Juu ya ardhi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Kwa hiyo mke au mume mgeni aliyetoa fedha zake kununua shamba, likaandikwa kwa jina la mwenzake, awe na maandishi ya michango yake. Na mwenyeji mwenye mapenzi ya kweli asikae kimya juu ya mambo ya urithi. Afadhali kuzungumza mkiwa hai na wenye afya kuliko kuwaachia ndugu wagombane msibani.

Njia za mkato

Wako watakaokuambia, "Kwa nini uhangaike? Mwambie mkeo aseme amezaliwa hapa, apate kitambulisho cha Taifa na kadi ya kupigia kura." Ndugu zangu, shauri hilo ni sumu. Kujiita raia wakati si raia ni kosa la jinai. Mtu ambaye angeweza kupata uraia kwa haki hujiharibia mwenyewe, maana siku atakapoomba kweli, ile karatasi ya uongo itatangulia mezani. Na mtendaji au mwenyekiti anayetia sahihi akijua ukweli, naye yumo hatarini.

Vilevile iko ndoa ya kuuziana, ambayo watu hawakai pamoja, wanatafuta karatasi tu. Dunia nzima yaitazama kwa jicho kali. Marekani ilitunga sheria juu yake mwaka 1986: ambaye ndoa yake haijafika miaka 2 hupewa kwanza ukaazi wa masharti wa miaka 2, na katika siku 90 za mwisho yapasa kuomba masharti yaondolewe. Adhabu ya ndoa ya uongo huko ni kifungo kisichozidi miaka 5 na faini hadi dola 250,000. Uingereza nayo, Aprili 2024, ilipandisha kipato anachotakiwa kuonyesha mtu anayemleta mume au mke hadi pauni 29,000 kwa mwaka.

Basi, binti au kijana uliyeposwa na mtu wa mbali, uliza kabla ya kupanda ndege. Ruhusa yangu ya kukaa itatoka kwa nani? Itakwisha lini? Naweza kufanya kazi? Na mume akinipiga, nitakwenda wapi? Pasipoti yako ikae mkononi mwako, si kabatini kwa mtu mwingine. Tena usitie sahihi ya kuchukua uraia wa nchi nyingine kabla ya kuuliza utaupotezaje wa Tanzania.

La kufanya sasa

Kwa ninyi ambao mambo yamekwisha kuwa hivyo, nasema msiogope, ila msikawie. Moja, tafuteni cheti cha ndoa. Kama ndoa ni ya mila na haikuandikishwa, mwoneni msajili wa wilaya pamoja na mashahidi. Mbili, nendeni Uhamiaji wenyewe kabla ya kufuatwa, mkaeleze ukweli wote. Tatu, ombeni stakabadhi ya kila fedha mtakayolipa. Asiye na stakabadhi hakulipa. Nne, wekeni nakala mahali pawili, moja nyumbani na moja kwa mtu mnayemwamini. Tano, kama hamwelewi, tafuteni msaada wa sheria. Wako wasaidizi wa kisheria wasiotoza fedha. Msimwendee dalali anayekaa nje ya ofisi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mke aliyetoka Burundi ameolewa kwa mila miaka 12 iliyopita, na mume wake ni mgonjwa. Aanze na ofisi gani, na kwa nini asingoje?
2. Kwa nini kitambulisho kilichopatikana kwa uongo ni kibaya kuliko kukosa kitambulisho?
3. Je, ni haki kwamba mume mgeni na mke mgeni wana njia mbili tofauti za uraia? Kila mmoja atoe sababu zake.
4. Katika kitongoji chenu, nani aweza kuwasaidia wenye ndoa za mila kuandikisha?

Andikeni majibu yenu katika daftari la kikundi. Juma lijalo, saa ile ile, tutajifunza namna ya kuandika wosia. Kwaherini.