Mbegu Moja na Mbegu Nyingi: Matunda ya Mashamba ya Nakuru

Katika soko la Nakuru parachichi lenye kokwa moja kubwa hulala karibu na karakara lililojaa mbegu. Wakulima wa Bahati, Subukia na Solai huyajua vema matunda haya, lakini si wote waijuao siri iliyomo ndani ya mbegu, na asiyeijua aweza kungoja miaka saba bure.

Ua la mparachichi hufunguka mara mbili. Kwanza huwa la kike, kisha hufumba, na kesho yake hufunguka tena likiwa la kiume. Kwa hiyo mara nyingi nyuki huleta unga kutoka ua la mti mwingine. Nyama ya tunda ni ya mama peke yake, bali kokwa ni mtoto wa wazazi wawili. Ukila Hass tamu ukapanda kokwa yake, utapata mti, tena wenye kivuli kizuri, ila tunda lake huenda likawa la majimaji au la nyuzinyuzi. Hass yenyewe ilitokea kwa bahati ya namna hiyo: mwaka 1926 tarishi mmoja wa California, Rudolph Hass, alipanda kokwa, na miti yote ya Hass duniani asili yake ni vitawi vya mti ule mmoja, uliokufa mwaka 2002.

Mlimau na mchungwa si hivyo. Mbegu moja yaweza kutoa miche miwili au mitatu, na mingi yao hutokana na mwili wa mama tu, hata ikafanana naye. Tunda la damu, ambalo ni jamaa ya nyanya na viazi, nalo hupandwa kwa mbegu bila hasara kubwa.

Karakara la zambarau hupenda baridi yetu, lakini mizizi yake hupatwa na mnyauko utokao udongoni. Ndiyo sababu huunganishwa juu ya shina la karakara la manjano, listahimililo zaidi.

Basi anunuaye mche wa parachichi na atazame shina karibu na udongo. Mche uliounganishwa una kovu. Pasipo kovu, huo ni mche wa kokwa, haidhuru muuzaji aapeje. Naye mnunuzi atangoja karibu mara mbili. Na machipukizi yatokayo chini ya kovu yakatwe mapema, maana ni ya mti wa chini; yakiachwa yatausonga ule wa juu, na mkulima atavuna matunda ya mti ambao hakuununua.