Televisheni Moja, Watoto wa Rika Tatu

Katika nyumba nyingi za mijini televisheni ni moja, lakini watoto ni wa rika mbalimbali. Ikifika jioni, wa mwaka mmoja, wa miaka mitano na wa miaka kumi huketi mkeka mmoja wakitazama kitu kimoja. Mzazi akiambiwa kipindi hicho ni cha elimu, hushusha pumzi. Wiki hii nauliza: ni elimu kwa nani?

Tuanze na yule mdogo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili haifai kuketishwa mbele ya televisheni. Wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni heri zaidi. Sababu yake si ngumu. Mtoto mchanga hujifunza kwa kushika, kuonja na kujibiwa. Akisema “ba”, mama humwitikia. Kioo hakiitikii. Kwa huyu hakuna kipindi cha kuchagua. Cha kuchagua ni mtu wa kuzungumza naye.

Wa miaka mitatu hadi sita anahitaji kipindi cha mwendo wa taratibu, chenye mambo machache yanayorudiwarudiwa. Huko Marekani, kipindi cha Blue's Clues kilipoanza mwaka 1996, toleo moja lilionyeshwa siku tano mfululizo. Mtu mzima angechoka. Watoto, kinyume chake, walizidi kuelewa na kujibu maswali kila siku iliyofuata. Kwa hiyo mwanao akitaka hadithi ileile kila jioni, usimkemee. Yumo darasani.

Hapa kwetu, taasisi ya Ubongo ya Dar es Salaam hutengeneza Akili and Me kwa watoto wa umri huo: herufi, namba, rangi, tena kwa Kiswahili. Kwa wakubwa wao wa shule ya msingi ilianzisha Ubongo Kids mwaka 2014, ambamo hesabu na sayansi hufundishwa kwa hadithi na nyimbo. Mtoto wa miaka kumi anataka fumbo la kufumbua, na anataka kujua kwa nini. Mpe rangi na herufi, naye atakwenda kutafuta katuni za ngumi.

Utajuaje kama kipindi kinafaa? Mimi napendekeza mtihani mmoja. Kikiisha, zima televisheni, kisha uliza. Wa miaka mitano mwambie ahesabu vijiko vya mezani. Wa miaka kumi mwulize tatizo lilikuwa nini na lilitatuliwaje. Akikusimulia tu nani alimpiga nani, jibu umeshalipata.

Mtihani huo, bila shaka, unataka mzazi awepo. Waliotengeneza Sesame Street mwaka 1969 walilijua hilo. Waliingiza vichekesho vya watu wazima makusudi, ili wazazi waketi na watoto wao.

Najua tunarudi kazini tumechoka, na televisheni hunyamazisha nyumba nzima. Lakini nyumba iliyonyamaza haimfundishi mtoto kusema. Kaa naye japo dakika kumi, umuulize swali moja.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.