Mtoto hatulii kwa kuamriwa

Leo ukiwa ibadani geuka kidogo utazame viti vya nyuma, wanakokaa kina mama wenye watoto wadogo. Mahubiri yakifika dakika ya 20 utaona kazi inayofanyika kule. Mtoto mmoja anafinywa paja kwa siri. Mwingine anatolewa nje akirusha mateke, na anayemtoa ana uso wa mtu aliyeaibishwa mbele ya usharika mzima. Wa tatu amepewa simu, na mama yake anamshukuru Mungu kwa amani iliyopatikana. Yupo pia wa nne, ambaye hatumwangalii kwa kuwa hasumbui. Ameketi kimya, mikono mapajani, macho chini. Huyo tunamsifu kwamba ana adabu.

Ningependa leo tuwafikirie wote wanne, na zaidi huyo wa nne.

Tumezoea kudhani kwamba mtoto asiyesikika ametulia. Lakini ukimya unaweza kuletwa na mkanda, na utulivu hauletwi hivyo. Fungua Zaburi ya 131, ambayo ina mistari mitatu tu. Mtunzi anaifananisha nafsi yake na mtoto aliyeachishwa ziwa, akiwa na mama yake. Kila mama anajua kuachisha ziwa ni vita. Kuna usiku wa vilio, kuna mtoto anayevuta nguo na kununa, kisha siku moja anapanda mapajani na kukaa tu, hataki kitu. Mtoto yule wa Zaburi alifika pale kwa njia ndefu, na mtu alimvumilia njiani. Hakufikishwa kwa neno "nyamaza!"

Kwa nini amri haifanyi kazi? Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayomsaidia mtu kusubiri, kujizuia na kufikiri kabla ya kutenda. Sehemu hiyo huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20. Unapomwambia mtoto wa miaka 4 "tulia hapo mpaka misa iishe," unamwomba atumie kifaa ambacho Muumba bado anakiunda. Wengi tunaowaita wakaidi hawajafika bado, basi.

Lakini mtoto huyo huyo ana uwezo ambao sisi wakubwa tumeupoteza. Anaweza kuwa kitu kingine. Anaweza kuwa simba, dereva wa daladala, daktari au mama mwenye nyumba. Mwaka 1948 mtafiti mmoja wa Urusi ya Kisovieti, Manuilenko, aliwaomba watoto wa chekechea wasimame bila kutikisika. Walipoambiwa tu wasimame, wadogo walishindwa mapema. Walipopewa kazi ya mlinzi ndani ya mchezo, walisimama kwa muda mrefu zaidi. Mtoto ni yule yule na miguu ni ile ile. Watafiti wa Marekani nao walichapisha mwaka 2017 utafiti wa watoto wa miaka 4 na 6 waliopewa kazi ya kuchosha, huku kando yao pamewekwa mchezo wa kuvutia. Waliojifanya ni shujaa wa katuni kama Batman ndio walioendelea na kazi kwa muda mrefu kuliko wenzao.

Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, alikuwa na mchezo wa ukimya. Watoto walikaa bila kutoa sauti, naye akiwa chumba cha pili akawaita kwa kunong'ona, jina moja moja, wakaja wakinyata. Wale walikuwa watoto ambao wengi waliwaona kuwa hawafundishiki.

Nasi Wakristo tusishangae. Bwana wetu aliwatazama watoto wakicheza kwa makini kiasi kwamba mchezo wao uliingia katika mafundisho yake. Katika Luka sura ya 7 anawataja watoto sokoni wanaoigiza sherehe na kilio cha msiba, wakilaumiana kwamba wenzao hawachezi sawasawa. Hata leo hali ni hiyo. Kukitokea msiba kwa jirani, kesho yake utawakuta watoto nyuma ya nyumba wamemfunika mdoli kwa kanga na mmoja analia kwa kuiga sauti ya shangazi. Sisi huwafukuza: "Acheni uchuro huo!" Tungesubiri kidogo. Mtoto aliyeona jeneza kwa mara ya kwanza hana maneno ya kuuliza alichokiona. Anakitafuna kwa mchezo, kidogo kidogo, mpaka kimezeke.

Basi tuanze nyumbani, na tuanze na uji. Mwambie mtoto akunje viganja kama anashika kikombe. Ndani mna uji wa ulezi, wa moto. Aunuse kwanza, polepole, mpaka harufu ifike tumboni. Kisha aupulize upoe, ila akipuliza kwa nguvu utamwagika, na bibi ameupika kwa kuni mbichi! Apulize taratibu, mara 5 hivi. Pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, mapigo ya moyo hupungua kasi na mwili unapata habari kwamba hatari imepita. Ukimwambia mtoto wa miaka 3 "vuta pumzi ndefu," atainua mabega na kuishika mpaka macho yamtoke. Ukimpa uji, atapumua.

Mchezo mwingine ni wa kobe, ambao walimu wa Marekani wamekuwa wakiutumia tangu miaka ya 1970. Sisi tungeweza kuubuni wenyewe, maana katika hadithi za bibi zetu kobe ndiye asiye na haraka na mwenye akili kuliko wote. Mtoto akihisi hasira inapanda, anaingia kwenye gamba lake. Anajikumbatia, anainamisha kichwa, anapumua mara 3 na kufikiri afanye nini badala ya kumpiga mwenzake. Kisha anatoa kichwa na kusema: "Amechukua gari langu, nimekasirika." Hapo mwisho ndipo wengi tunapoacha. Tunafurahi mtoto amejikunja na amenyamaza, tunaendelea na shughuli zetu. Kobe lazima atoke aseme, na aliye karibu lazima amsikilize. Vinginevyo tumemfundisha kujificha.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wa mashua, na walimu wa shule ya Jumapili wanaweza kuujaribu hata leo, chini ya mwembe, wenye watoto 60 na bila kifaa chochote. Tandika mkeka, huo ndio mashua. Watoto wachache wanakaa ndani, mmoja analala nyuma ya chombo akiwa na kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Waliobaki ni ziwa. Wanaanza kwa kusugua viganja, ule upepo mdogo. Wanapiga vidole, matone ya mvua. Kisha mapaja, kisha miguu, mpaka vumbi litimke na wa ndani ya mashua wapige kelele wakimwamsha aliyelala. Usiwakataze kelele. Watoto wa Musoma au Ukerewe watakufundisha wewe jinsi ziwa linavyochafuka. Aliyelala anaamka, ananyosha mkono, na ziwa lote linakaa kimya. Hapo usiseme neno. Subiri. Waulize baadaye kwa sauti ndogo: mmesikia nini? Mmoja atasema amesikia kuku. Mwingine atasema amesikia moyo wake.

Kinachonivutia katika mchezo huu ni kwamba dhoruba inaruhusiwa kwanza. Mtoto anagundua kuwa kelele iliyo ndani yake ina mwanzo, inapanda, na inaweza kushuka, na kwamba haikumuua mtu. Tena angalia mpangilio wa Marko sura ya 4. Yesu alipoamshwa alishughulika kwanza na upepo na bahari. Kukawa shwari. Ndipo akawageukia wanafunzi na kuwauliza juu ya woga wao. Sisi wazazi huanza na maswali. Mtoto anagaragara chini, machozi na kamasi, nasi tumesimama juu yake: "Unalia nini? Nani kakupiga? Si nilikwambia?" Hawezi kujibu, yuko katikati ya mawimbi. Eliya naye, katika 1 Wafalme 19, alipokuwa amechoka hata kuomba afe, alipewa usingizi, mkate na maji, mara mbili, kabla Mungu hajamuuliza anafanya nini pale. Ukijifunza jambo moja tu kuhusu watoto wenye hasira, jifunze huo mpangilio.

Najua yupo msomaji anayejiuliza kama mambo ya kupumua na kutulia si dini za mashariki zinazopenyezwa kwa watoto wetu. Swali ni la haki, na mzazi anayeuliza nini anafundishwa mwanawe namheshimu. Jibu langu ni kwamba pumzi haikuanzia huko. Mwanzo sura ya 2 inaeleza nani aliipuliza puani mwa mtu wa kwanza. Mtoto anayepoza uji wa kufikirika haabudu chochote, na ukitaka amalize kwa sala fupi, hakuna anayekuzuia. Wapo pia watakaonikumbusha Mithali na fimbo. Mithali hiyo hiyo, sura ya 16, inamweka mtu anayeitawala roho yake juu ya yule anayeteka mji, na sijaona fimbo iliyomfundisha mtoto kuitawala roho yake. Humfundisha kumtazama mwenye fimbo yuko wapi.

Yako mambo machache ya kuangalia. Michezo hii hufundishwa mtoto akiwa na furaha, jioni kabla ya kulala au asubuhi akisubiri chai. Ukiuanzisha wakati tayari anapiga mateke, umechelewa. Mbebe tu. Dakika 3 zinatosha. Cheza naye, maana mtoto akiona wewe unafoka huku ukimwamuru awe kobe, atajua kobe ni adhabu. Na usimtafutie mchezo mtoto mwenye njaa, homa au usingizi. Mpe chakula, mpeleke hospitali, mlaze. Kuhusu simu, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikae kabisa mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Yule wa tatu pale kitini hajatulia. Ameondoka tu, na ukiichukua simu utaona alikuwa wapi.

Sasa yule wa nne. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 juu ya utoto wao. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na takribani mvulana 1 katika kila 7, walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hao walikuwa watoto waliokaa kwenye viti vyetu na kuimba kwaya zetu. Mtoto aliyefundishwa miaka yote kwamba mtoto mzuri hasemi, halii na hakasiriki, atayatoa wapi maneno siku atakapoumizwa na mtu mzima anayeheshimika? Ndiyo maana nasisitiza kobe atoe kichwa. Ndiyo maana baada ya mashua kutulia unawauliza wamesikia nini, na unangoja jibu.

Mara nyingi jibu huja kwa mdoli. Mpe mtoto mdoli, au gunzi la mhindi lililovikwa kitambaa, umuulize mdoli leo anajisikiaje. Atasema mdoli ana njaa, mdoli amenuna, mdoli anamwogopa mbwa. Msaidie majina: hii ni hasira, hii ni huzuni, hii ni aibu, huu ni wivu, na mdoli haendi motoni kwa kuvisikia. Siku moja anaweza kukuambia mdoli hataki kwenda kwa mjomba fulani, au hataki kuachwa na dada wa kazi. Usishtuke mbele yake, usimgombeze, wala usimhoji kama askari. Mwambie mdoli amefanya vizuri kusema. Kaa naye. Kisha, akiwa amelala, piga 116. Ni namba ya bure ya kusaidia watoto, na wanaopokea wamezoea kuwasikiliza wazazi ambao mikono yao inatetemeka.