Maji Yaliyomo Kwenye Meza ya Chakula

Anayepita Keko, Dar es Salaam, au kandokando ya Ngong Road jijini Nairobi, hukuta meza za kulia zimepangwa nje zikimeta kwa vanishi, viti vyake vimebebanishwa kimoja juu ya kingine. Mnunuzi hupapasa uso wa meza, huuliza ni mti gani, kisha huanza kuvutana bei na fundi. Maswali mawili mazito kuliko yote mara nyingi hayaulizwi: mbao hizi zina maji kiasi gani, na kutoka kwenye kiti hadi juu ya meza ni sentimita ngapi?

Maji yatangulie, maana ndiyo yanayopasua meza. Wataalamu hupima unyevu wa mbao kwa kulinganisha uzito wa maji na uzito wa mbao hizohizo zikiwa zimekauka kabisa. Kwa hesabu hiyo, miti mingine mibichi huvuka asilimia 100, yaani maji yake ni mazito kuliko mbao zenyewe. Maji yaliyo katika matundu ya seli hutoka kwanza, na ubao hubaki na ukubwa uleule. Unyevu ukishuka hadi karibu asilimia 30, zamu ya kuta za seli hufika: nazo huanza kutoa maji, na hapo ndipo ubao unapoanza kunywea.

Haunywei sawasawa. Kwa urefu, badiliko ni dogo mno hata fundi hana haja ya kulijali. Kwa upana ni habari nyingine. Tena ubao hunywea zaidi kwa kufuata mviringo wa pete za mti kuliko kwa kuelekea kwenye kiini, na katika miti mingi tofauti hiyo hukaribia mara mbili. Ubao uliokuwa umenyooka kama rula unapinda kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu fundi hakuuranda vizuri.

Hata baada ya kukauka, mbao huendelea kuvuta na kuachia unyevu kulingana na hewa inayozizunguka. Katika hewa ya pwani, yenye joto la nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 75, mbao hutulia zikiwa na maji karibu asilimia 14. Hewa ikishuka hadi unyevu wa asilimia 50, mbao nazo hushuka hadi kama asilimia 9. Chukua meza ya msaji yenye upana wa sentimita 90, iliyotulia Dar es Salaam, uipeleke Dodoma wakati wa kiangazi. Ikipoteza asilimia hizo tano, uso wake unaweza kupungua kwa takriban milimita 8. Iwapo fundi alitumia mbao zenye maji zaidi ya asilimia 20, hesabu hiyo huongezeka mara mbili na ushei.

Milimita hizo lazima zipate pa kwenda. Uso wa meza ukigongelewa misumari na kugandishwa gundi kila upande wa fremu, mbao hutaka kunywea lakini zimeshikwa, na mwisho wake ni ufa. Fundi stadi huufunga uso kwa skrubu zinazopita katika matundu yaliyorefushwa kidogo, au kwa vibanio vinavyouruhusu kuteleza. Mnunuzi asione haya kupiga magoti na kuchungulia chini ya meza. Huko ataona uso umefungwaje, na pia kama upande wa chini umepakwa vanishi. Vanishi haizuii unyevu. Huupunguzia kasi tu. Uso uliopakwa juu peke yake hupumua zaidi upande wa chini, na hapo hupinda.

Kipo kifaa kidogo chenye sindano mbili kinachopima unyevu kwa umeme: maji yakiwa mengi, umeme hupita kwa urahisi, mbao zikikauka, huuzuia. Karakana inayokitumia inastahili kuaminiwa kuliko inayosema tu kwamba mbao zake ni kavu. Pasipo kifaa, mnunuzi aulize mbao zilianikwa kivulini muda gani au kama zilipita kwenye tanuri la kukaushia. Kadiri ubao unavyokuwa mnene ndivyo muda unavyorefuka, hivyo miguu minene ya meza ndiyo yenye hatari kubwa ya kuuzwa ikiwa bado na maji ndani.

Aina ya mti nayo ina neno lake. Msaji, uliopandwa Tanganyika tangu enzi za Wajerumani na sasa unaovunwa katika mashamba kama Longuza na Mtibwa, hutulia vizuri na una mafuta ya asili yanayosumbua wadudu. Mninga wa misitu ya miombo una sifa kubwa zaidi ya kutonywea sana, na ndiyo maana mafundi wanaupenda kiasi hicho. Lakini mninga hukua polepole; mti wa kupasuliwa mbao huwa umesimama kwa miongo mingi. Mwaka 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliofanyika Panama uliiweka miti ya Afrika ya jamii ya mninga, mkongo na mkangazi katika orodha ya biashara inayodhibitiwa kimataifa. Anayenunua meza ya mninga ana haki, na kwa maoni ya makala haya ana wajibu, wa kuuliza kama mbao zilivunwa kwa kibali.

Meza nyingine hutengenezwa kwa MDF, ubao wa kiwandani. MDF hainywei kwa namna ya mbao, kwa kuwa nyuzi zake zimesagwa na kubanwa kwa gundi. Udhaifu wake uko kwenye kingo: maji yakiingia, huvimba na hairudi ilivyokuwa. Kingo zisizofunikwa pia huachia gesi ya formaldehaidi kutoka kwenye gundi, gesi ambayo tangu 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Swali la pili ni la mwili. Meza nyingi za kulia zina kimo cha sentimita 72 hadi 76, na viti 43 hadi 46. Namba moja peke yake haitoshi. Kinachoamua starehe ni pengo la sentimita 27 hadi 30 kati ya kalio la kiti na uso wa meza. Pengo likizidi, mabega hupanda wakati wa kula. Likipungua, mgongo hujikunja kuifuata sahani. Kiti kikiwa kirefu kuliko goti, ukingo wake hubana mishipa ya chini ya paja na miguu hufa ganzi. Mto mnene ukiongezwa baadaye huvuruga hesabu yote, kwa hiyo pengo lipimwe mtu akiwa ameukalia. Watoto wana tatizo kubwa zaidi, maana miguu yao huning'inia. Mwaka 1972 Mnorwe Peter Opsvik alibuni kiti cha Tripp Trapp, ambacho kalio na ubao wa kukanyagia huhamishwa kadiri mtoto anavyokua. Fundi yeyote anaweza kumwekea mtoto kibao cha kukanyagia.

Kila mlaji anahitaji upana wa kama sentimita 60, na nyuma ya kiti ibaki angalau sentimita 90 ili mwingine apite. Meza ya duara yenye kipenyo cha sentimita 120 ina mzingo wa karibu 377: inatosha watu sita, mradi isimame kwa mguu mmoja wa katikati.

Kiti huvunjika kabla ya meza, na karibu kila mara ni pale kalio linapokutana na miguu ya nyuma. Mtu akijiegemeza nyuma kwa miguu miwili, uzito wake hugeuka nguvu ya wenzo inayokamua kiungo hicho. Skrubu iliyoingia kwenye ncha ya ubao hushika kidogo, kwa kuwa hupita sambamba na nyuzi. Ulimi uliochongwa ukaingia barabara katika shimo lake hushika zaidi, kwa sababu gundi hupata eneo pana la kunata. Mnunuzi akikalie kiti, ajitikise kulia na kushoto, asikilize.

Faida ya fundi wa mtaani iko hapa. Seti iliyoletwa kwa kontena imekwisha kupimiwa watu wengine, ilhali fundi anaweza kuita familia ikalie viti kabla ya vanishi, apime kutoka goti hadi sakafu, na akate sentimita mbili za miguu palepale.